Gerard Sekoto: Mchoraji aliyeondoka na mtaa wake

Mwaka 1940 jumba la sanaa la jiji la Johannesburg lilinunua picha ya nyumba za manjano kando ya barabara ya vumbi. Mchoraji alikuwa na umri wa miaka 26. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa bado mwalimu wa shule, na alikuwa Mwafrika. Hakuna picha ya mchoraji mweusi iliyokuwa imewahi kununuliwa na jumba lile. Kijana akataka kwenda kuiona picha yake ilivyotundikwa. Inasimuliwa kwamba ilimbidi ajifanye mfagiaji ndipo apite mlangoni.

Nimeifikiria mara nyingi safari ile fupi kutoka mlangoni hadi ukutani. Anayekuja kutazama picha husimama, akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa, akasogea tena karibu. Mfagiaji hana ruhusa hiyo. Mfagiaji hutazama sakafu. Kazi ambayo Sekoto aliitazama kwa miezi ilipokuwa ikikauka chumbani kwake, sasa alipaswa kuiibia jicho kama mtu asiyehusika nayo.

Gerard Sekoto aliondoka Afrika Kusini miaka saba baadaye, akaelekea Ulaya, na hakurudi tena hadi alipofariki. Wanaoandika habari zake hupenda kuyakata maisha hayo vipande viwili. Kwanza ni miaka minane ya nyumbani, iliyojaa picha zinazosifiwa hadi leo. Kisha ni miaka 45 ya Ufaransa ambako, wanasema, mkono ulipoa. Wauzaji wa mnadani wanaafikiana nao, maana bei kubwa hutajwa kwa picha za kabla ya 1948. Mimi nimekaa na picha zake muda mrefu, katika vitabu vya maktaba na kwenye kioo cha simu, na mkato huo hauniridhishi. Unamlaumu mtu kwa kuondoka bila kuuliza kama kile alichokiacha kilimngojea.

Mtoto wa mwalimu wa misheni

Alizaliwa tarehe 9 Desemba 1913 huko Botshabelo, kituo cha misheni ya Kilutheri kilichoanzishwa na Wajerumani karibu na mji wa Middelburg, mashariki mwa Transvaal ya enzi hizo. Botshabelo maana yake ni mahali pa kukimbilia. Miezi michache kabla hajazaliwa, mwezi Juni, bunge la weupe lilikuwa limepitisha sheria ya ardhi iliyowaachia Waafrika takriban asilimia 7 tu ya nchi. Kwa hiyo Sekoto ni rika moja na sheria ile. Alikua nayo, ikamfuata mjini, na mwishowe ikafika hadi kwenye nyumba alizozichora.

Baba yake, Andreas, alikuwa mwalimu wa misheni, na nyumbani mwao kulikuwa na kinanda cha aina ile inayosindikiza nyimbo za kanisani. Gerard alijifunza kukipiga akiwa mdogo. Msomaji aliweke hilo akilini, kwa sababu kuna wakati kinanda ndicho kitakachomlisha.

Njia ya kijana mwenye akili katika familia ya namna hiyo ilikuwa moja: ualimu. Akapelekwa Grace Dieu, chuo cha Waanglikana karibu na Pietersburg, mji unaoitwa leo Polokwane. Chuo hicho kilikuwa na karakana ya kuchonga mbao, na aliyeng'ara humo alikuwa Ernest Mancoba, ambaye mwaka 1929 alichonga sanamu ya Bikira Maria mwenye sura ya mwanamke wa Kiafrika. Sekoto hakuvutwa na patasi. Alipenda penseli na rangi. Baadaye alipokuwa akifundisha katika shule ya Khaiso, Mancoba alikuwa naye hapo, na usiku walikuwa na mengi ya kuzungumza. Ni Mancoba aliyemsimulia habari za van Gogh na Gauguin, na za Paris, mji ambao mchoraji angeweza kuishi akiitwa mchoraji. Katika kundi lao alikuwamo pia Nimrod Ndebele, mwandishi wa tamthilia, na Thomas Masekela, ambaye mwanawe Hugh angekuja kuupeleka muziki wa Afrika Kusini duniani kote kwa tarumbeta.

Mwaka 1938 mambo mawili yalitokea. Mancoba alisafiri kwenda Paris. Na Sekoto akashika nafasi ya pili katika shindano la sanaa lililoendeshwa na chuo cha Fort Hare. Tuzo hiyo haikutosha kumweka mjini hata miezi michache, lakini ilitosha kumwambia kwamba hajidanganyi. Akaacha ualimu, akashika njia ya Johannesburg.

Mitaa mitatu

Alifikia Sophiatown, kwa binamu zake, katika mtaa wa Gerty. Mtaa ule ulikuwa na jina la binti wa Herman Tobiansky, tajiri aliyepima viwanja hivyo na kuliita eneo zima kwa jina la mkewe Sophia. Weupe wengi hawakutaka kukaa pale, kwa hiyo Waafrika wakauziwa viwanja kwa hati, jambo lililokuwa adimu mno katika nchi ile. Ndiyo maana Sophiatown ilikuwa na kiburi chake. Daktari aliishi jirani na mpika pombe ya magendo. Mwenye nyumba alipangisha vibanda uani hadi pasipobaki pa kuanika nguo. Na jioni muziki ulitoka kila upande.

Sekoto alichora kwa rangi za bei nafuu, zile za mabango, mara nyingi juu ya kadibodi au karatasi ya kaki. Alichora kinamama wakifua, watoto wakitoka shule, watu wamekaa vizingitini, mapadri, wauza bidhaa ndogondogo, wacheza karata. Wachoraji weupe wa wakati huo, hata wenye nia njema, walipomchora Mwafrika walimvika ngozi na shanga na kumsimamisha mbele ya kibanda cha nyasi, kana kwamba mji haukuwepo. Kwa Sekoto mtu mweusi amevaa koti na kofia, ana haraka, ana ndoo mkononi, ana mawazo yake. Kivuli chake kinaanguka kwenye barabara ambayo wakazi wangeitambua mara moja.

Halafu kuna rangi. Jua la nyanda za juu za Johannesburg ni kali na kavu, na asubuhi hugeuza hata bati lenye kutu kuwa dhahabu. Sekoto aliliona jua hilo likianguka juu ya umaskini na hakuona sababu ya kulizima ili picha ionekane ya huzuni. Manjano yake hayadanganyi: ukuta una nyufa na barabara ni chafu, lakini ni saa mbili asubuhi na watu wapo hai. Kwangu mimi huo ndio ujasiri wake mkubwa. Ni rahisi kumchora maskini akiwa gizani.

Bruda Roger Castle, mwalimu wa sanaa katika shule ya Mtakatifu Petro huko Rosettenville, alimfungulia mlango wa kuonyesha kazi zake mjini mwaka 1939, na mchoraji Judith Gluckman akamfundisha kutumia rangi za mafuta. Shule yake ya uchoraji ilikuwa hiyo tu. Mwaka uliofuata ukaja ununuzi wa picha ya nyumba za manjano, na habari ya ufagio.

Mwaka 1942 alihamia Cape Town, katika District Six, mtaa wa mabaharia, mafundi cherehani na wauza samaki chini ya mlima ule bapa. Huko alionyesha kazi zake pamoja na kikundi cha wachoraji kilichoitwa New Group. Mwaka 1945 akarudi kaskazini, kwa mama yake Anna, aliyekuwa akiishi Eastwood, kitongoji cha Waafrika pembezoni mwa Pretoria. Hapo alikuwa na pa kulala, chakula cha mama, na ndugu wa kuwachora. Alimchora mama yake. Alimchora Mary Dikeledi, mke wa nduguye Bernard. Alimchora Bernard mwenyewe amempakata mtoto, picha aliyoiita kwa jina la baba mwenye fahari. Hizi si picha za kutetea hoja. Ni picha za mtu aliyejua sauti ya kila anayemchora.

Hapo Eastwood ndipo ilipozaliwa picha ambayo ningependa kila mtoto wa shule katika bara hili aione: Wimbo wa Sururu, ya mwaka 1946 hadi 1947. Wafanyakazi weusi wamejipanga safu moja, sururu zote zimepaa juu kwa pamoja, miili imejipinda kwa mdundo mmoja. Nyuma yao amesimama nyapara mzungu, mikono mfukoni, kiko mdomoni. Kwa sheria ya nchi yeye ndiye mwenye nguvu. Kwa sheria ya picha ni kijiti. Aliyewahi kusimama ufukweni pwani yetu akaona watu wakivuta juya kwa wimbo, mmoja akianza na wengine wakiitikia huku kamba ikisogea, anajua kinachoendelea katika safu ile. Wimbo si pambo la kazi. Wimbo ni wa wafanyakazi wenyewe, na nyapara hana sehemu humo. Sururu zile zimeinuliwa juu, na katika picha hazijashuka hadi leo.

Alifanya maonyesho, picha zikanunuliwa, na fedha hizo zikawa nauli. Mwaka 1947 akaondoka. Alipitia London, kisha akavuka hadi Paris.

Ngazi ya Yakobo

Wengi humwita Sekoto mkimbizi wa ubaguzi wa rangi, na kuna ukweli ndani yake, lakini tarehe zisichanganywe. Chama cha makaburu kilichoutangaza ubaguzi kuwa sera ya dola kilishinda uchaguzi Mei 1948, yeye akiwa ameshaondoka. Hakutumwa na chama, wala polisi hawakuwa nyuma yake. Alikuwa mchoraji aliyetaka kujifunza, na nchini kwake hakukuwa na chuo cha sanaa cha kumpokea, wala jumba la sanaa la kumruhusu aingie akiwa na mikono mitupu. Ni kweli kwamba aliona mawingu yanavyokusanyika. Lakini alichokifuata ni kazi.

Paris aliyoikuta ilikuwa imetoka vitani, mkate bado wa mgao, makaa ya kupasha moto chumba yakiwa ya kutafuta. Kifaransa hakujua. Fedha za maonyesho ziliisha upesi. Kile kinanda cha nyumbani kikamwokoa: akapata kazi ya kupiga piano na kuimba katika baa moja ya Saint-Germain-des-Prés iliyoitwa Ngazi ya Yakobo. Mtoto wa misheni hakuhitaji kufafanuliwa jina hilo. Aliimba nyimbo za kiroho za Wamarekani weusi na nyimbo za jazi, wateja wakanywa, naye akanywa nao. Usiku alikuwa mwanamuziki, mchana alijaribu kuwa mchoraji, na usingizi haukuwa na zamu yake. Mwili na akili vikachoka. Akalazwa hospitali ya Sainte-Anne, ya magonjwa ya akili.

Wakati huo huo, mwaka 1948, London ilikuwa ikionyesha sanaa za Afrika Kusini katika jumba la Tate. Miongoni mwa wasanii wote waliochaguliwa, mweusi alikuwa mmoja tu, Sekoto. Picha yake ilionyesha umati uliokusanyika nje ya hema la ngoma, kiingilio peni sita, na wengi wao hawana hizo peni sita. Kazi ile inatazamwa na wakubwa wa Uingereza, na aliyeichora yuko ng'ambo tu ya mfereji wa bahari, akipiga piano apate chakula cha jioni.

Alitoka hospitali, akaendelea. Maisha yake yakaungana na ya mwanamke aliyeitwa Marthe, aliyemzidi umri kwa takriban miaka 20. Ujanani Marthe alikuwa msichana fukara aliyesaidiwa na mshairi Rilke, na baadaye alikuwa mke wa Jean Lurçat, msanii maarufu wa mazulia ya ukutani. Wasanii na tabia zao hawakuwa wageni kwake. Walikaa pamoja hadi Marthe alipofariki mwaka 1982. Mtu anayesema Sekoto alipotea Ufaransa huwa amemsahau Marthe, na miaka zaidi ya 30 ya nyumba moja, meza moja na taa moja.

Wala hakuwa amejitenga na Afrika. Septemba 1956, Alioune Diop wa jarida la Présence Africaine alipowakusanya waandishi na wasanii weusi katika chuo kikuu cha Sorbonne, Sekoto alikuwapo, katika mkutano mmoja na akina Césaire, Senghor, Fanon na Richard Wright. Mkutano wa pili ulipofanyika Roma mwaka 1959, alitoa hotuba. Katika miaka hiyo hiyo, kati ya 1956 na 1960, baadhi ya nyimbo 29 alizozitunga zilichapishwa. Ukizipima pamoja na picha, unaona mtu aliyekuwa akitafuta mlango mwingine wa kurudia nyumbani.

Buluu

Tufike sasa kwenye lawama yenyewe, maana si ya kupuuzwa. Ni kweli kwamba picha nyingi za Paris hazina moto wa zile za Eastwood. Ziko picha za madaraja ya mto Seine ambazo wachoraji mia wangeweza kuzichora. Ziko picha za mitaa ya Sophiatown alizozirudia kutoka kichwani miaka 20 baadaye, na kila zinaporudiwa nyuso zinapungua, mgongo unabaki, kanga ya begani inabaki, ndoo inabaki. Mtu anayekumbuka huhifadhi umbo na kupoteza majina. Anayemjua jirani yake humchora kwa kasoro zake. Anayemkumbuka humchora kwa kivuli chake.

Rangi nayo ikahama. Manjano yakarudi nyuma, buluu ikatangulia. Alichora vichwa vya wanawake katika buluu nzito, vipande vya uso vimekatwa kama vioo, shingo ndefu, macho nusu yamefumba. Vichwa hivi wahakiki wengi huvipita haraka. Mimi sivipiti. Naona humo mtu ambaye jua lake limekatwa, na badala ya kujifanya bado analo, anachora kwa mwanga alionao, ule wa taa na wa dirisha la baridi. Hiyo pia ni kazi ya kweli, ingawa si ile tuliyomzoea nayo.

Lakini hoja kubwa iko kwingine. Wanaosema angebaki nyumbani, waiangalie mitaa ile mitatu. Tarehe 9 Februari 1955 polisi wapatao 2,000 waliingia Sophiatown. Familia zikapakiwa kwenye malori na kumwagwa Meadowlands, nyumba zikabomolewa kwa miaka kadhaa mfululizo, na mahali pake pakajengwa kitongoji cha weupe kilichopewa jina la Triomf, yaani Ushindi. District Six ilitangazwa eneo la weupe mwaka 1966. Zaidi ya watu 60,000 wakaondolewa na matingatinga yakafanya kazi yake. Eastwood nayo ilifutwa. Mitaa yote mitatu aliyoichora Sekoto, yote, serikali iliivunja. Angebaki, angebaki kwenye kifusi, akiwa na kipande mfukoni na polisi mlangoni. Mtaa ungempotea yeye kama alivyoupoteza mtaa.

Hapa tofauti na sisi wa Afrika Mashariki ni kubwa. Sam Ntiro wa Machame alikwenda London kusoma katika chuo cha Slade miaka ya 1950, akarudi kufundisha Makerere, na uhuru ulipopatikana akapelekwa tena London, safari hii akiwa balozi wa Tanganyika. Migomba na mifereji ya Kilimanjaro aliyoichora ugenini aliikuta mahali pake. Ntiro alikuwa na pa kurudi. Sekoto alikuwa na pa kukumbuka tu, na kadiri miaka ilivyokwenda, alichokikumbuka kilikuwa kinabomolewa nyuma yake.

Mara moja tu aliligusa tena jua la Afrika. Mwaka 1966 Rais Senghor aliandaa tamasha kubwa la kwanza la sanaa za watu weusi duniani, mjini Dakar. Sekoto alikwenda na rafiki yake Wilson Tibério, mchoraji kutoka Brazil, na tamasha lilipokwisha hawakutaka kuondoka. Wakakaa Senegal karibu mwaka mzima, wakasafiri hadi Casamance, kusini, kwenye mito na mashamba ya mpunga. Picha za safari hiyo zinapumua. Wanawake warefu wamevaa mavazi mapana yanayofagia chini, soko limejaa, rangi zimeshtuka kama mtu aliyeamshwa. Kama kweli mkono ulikuwa umepoa, ulipata joto kwa miezi michache tu ya barabara yenye watu. Ushahidi huo unanitosha: hakuishiwa kipaji, aliishiwa wapita njia wanaomjua.

Akarudi Paris mwaka 1967. Habari za nyumbani zilimfikia kwa gazeti na redio. Mwanaharakati Steve Biko alipouawa mikononi mwa polisi Septemba 1977, Sekoto alichora picha ya kumuenzi. Ndiyo miaka ambayo vijana waliotoroka baada ya risasi za Soweto walikuwa wakipokelewa Morogoro, na Tanzania ikawapa Mazimbu wajenge shule. Vijana hao walizaliwa wakati yeye yuko Paris kwa zaidi ya miaka kumi. Wengi wao walikua bila kujua kwamba kuna mzee mmoja huko Ufaransa aliyewachora babu na bibi zao wakiwa vijana, wakati mitaa yao ingali imesimama.

Ukuta mzima

Marthe alipofariki, Sekoto alikuwa karibu na miaka 70. Afya ilimwacha kidogo kidogo, na makazi yake ya mwisho yakawa Nogent-sur-Marne, mashariki ya Paris, katika nyumba ya kutunzia wasanii wazee.

Hapo ndipo nyumbani kulipomkumbuka. Barbara Lindop wa Johannesburg alianza kuandikiana naye barua, na barua hizo zikazaa kitabu mwaka 1988, kikiwa na simulizi zake mwenyewe. Mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Witwatersrand kikamtunuku shahada ya heshima. Na mwaka huo huo jumba lile lile la sanaa la Johannesburg, lililonunua nyumba za manjano mwaka 1940, likafanya maonyesho ya kazi za maisha yake yote. Chumba baada ya chumba, Sekoto peke yake. Mwenyewe alikuwa Nogent.

Alifariki tarehe 20 Machi 1993, miezi 13 kabla ya Waafrika wa nchi yake kupanga foleni za kupiga kura kwa mara ya kwanza. Kazi zilizobaki Ufaransa zilirejeshwa Afrika Kusini kupitia taasisi yenye jina lake, inayoshughulika na kuwafundisha watoto sanaa, jambo la kufaa kwa mtoto wa mwalimu aliyekuwa mwalimu. Mwaka 2003 serikali ikampa nishani ya dhahabu ya Ikhamanga. Mwaka 2011, katika mnada mjini London, picha yake ya nyumba za manjano za District Six iliuzwa kwa zaidi ya pauni 600,000. Fedha hizo hazikumfikia yule aliyepiga piano kwa ajili ya mkate wa mgao, na sioni kitu cha kushangilia katika bei ile.

Mwaka 2006 jina la Triomf liliondolewa na Sophiatown ikarudi kwenye ramani. Mtaa wa Gerty upo. Kanisa la Kristo Mfalme lipo, na katika mtaa wa Toby ipo nyumba ya daktari mmoja wa enzi hizo, Xuma, miongoni mwa majengo machache yaliyonusurika matingatinga. Nyumba za manjano hazipo. Ziko ndani ya fremu moja tu, zimepigwa na jua la asubuhi ya mwaka 1940, katika jumba ambalo mchoraji wake aliingia ameshika ufagio.